Safari ya Seli za Namalwa

Barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma huteremka polepole. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nchi ya mahindi na ya asubuhi zenye baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Ukishapita Kiminini na Kamukuywa, ukafika Misikhu na Webuye, joto limeongezeka na mashamba ya miwa yamejitokeza. Ukiingia mjini Bungoma uko karibu na mita 1,400. Abiria wa matatu anachokumbuka ni kwamba alipanda gari na sweta akashuka ameishika mkononi. Lakini katika mteremko huo kuna mpaka ambao hauna kibao wala kizuizi cha askari. Mwaka 1961 daktari mmoja wa upasuaji, Mwairishi aliyefanya kazi Kampala, aliutafuta mpaka wa namna hiyo kote Afrika Mashariki, na katika miaka hiyohiyo miili ya watoto wetu ikaanza kutafutwa na maabara za Ulaya na Marekani.

Daktari huyo ni Denis Burkitt. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita atazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akaanza kufungua mafaili ya wagonjwa, akakuta kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila kila mmoja alikuwa ameandikiwa ugonjwa wake. Kwa msaada wa pauni 25 alichapisha vikaratasi vyenye picha akavituma kwenye hospitali za bara zima akiuliza: je, kwenu mmeuona uvimbe huu? Majibu alipoyachora kwenye ramani, yalijipanga kama mkanda unaokata Afrika katikati. Tarehe 7 Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri wiki kumi na maili 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine.

Waligundua kwamba ugonjwa unafuata mwinuko wa nchi. Karibu na Ikweta, watoto wanaoishi juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, walikuwa hawaupati. Kadiri walivyokwenda kusini kwenye baridi zaidi, ndivyo mpaka ulivyoshuka. Kwa kipimo hicho Kitale iko juu, salama, na Bungoma iko chini. Baadaye ilieleweka kwamba urefu wenyewe haukuwa kisababishi. Mbu ndiye asiyependa baridi, na malaria inayomrudia mtoto mwaka baada ya mwaka ndiyo inayoidhoofisha kinga yake hadi uvimbe ukapata njia. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyefanya kazi na madaktari wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuelekeza kidole kwenye malaria.

Uvimbe wenyewe ni wa kutisha. Limfoma ya Burkitt ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazompata binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi huona jino limelegea, kesho shavu limejaa, na baada ya wiki chache jicho la mtoto limesukumwa nje. Hata hivyo ni saratani inayotibika. Dawa kama Endoxan huweza kuuyeyusha uvimbe wa ukubwa wa chungwa kwa siku chache. Watoto waliofika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, walihudumiwa na Peter Clifford, daktari wa upasuaji aliyeshughulikia saratani za kichwa na shingo, na wako waliopona wakaenda nyumbani. Nalisema hili mapema kwa sababu historia hii si ya madaktari wakatili. Walikuwa watu wema, hodari, waliofanya kazi usiku na mchana. Swali langu halihusu wema wao.

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Kati ya waliokuwa wamekaa kusikiliza alikuwemo mwanasayansi kijana, Anthony Epstein, ambaye kabla mhadhara haujaisha alikuwa amekwisha kuamini kwamba kuna virusi nyuma ya uvimbe huu. Wakakubaliana: vinyama vya uvimbe vitatumwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa karibu miaka mitatu Epstein alivitazama kwenye hadubini ya elektroni asione kitu. Kisha mwezi wa Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilikuta ukungu London, ikageuzwa kwenda Manchester, na kinyama kilichelewa kufika. Maji yaliyokizunguka yalikuwa yamekuwa kama maziwa. Mtu mwingine angesema pameoza, akamwaga. Epstein alitia tone kwenye hadubini akaona seli zilizo hai, zimejing'oa kutoka kwenye kinyama na zinaelea zenyewe. Zikakuzwa, na ndani yake, mwanzoni mwa 1964, virusi vikaonekana. Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza habari hiyo katika jarida la Lancet mwezi wa Machi mwaka huo. Leo virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr, na watu wengi duniani wanavyo bila kujua.

Ukungu ule wa Manchester ulifundisha jambo ambalo maabara zote zililishika mara moja: seli za uvimbe huu zinakubali kuishi nje ya mwili. Zipe maji yenye chakula, joto la mwili na nafasi, zitagawanyika bila kikomo. Tangu hapo kinyama kutoka taya la mtoto wa Afrika Mashariki hakikuwa tena kielelezo cha kutazamwa na kutupwa. Kilikuwa mbegu.

Nairobi nayo ikapata njia yake. Clifford alishirikiana na George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, na vinyama vya uvimbe vikawa vinapanda ndege kutoka Kenya kwenda Uswidi. Katika maabara ya akina Klein ndipo Georgi Manolov na Yanka Manolova walipoona, mwaka 1972, alama ya ajabu kwenye kromosomu ya 14 ya seli za Burkitt, uchunguzi uliosaidia kufungua elimu nzima ya jinsi jeni zinavyohama mahali pake na kuanzisha saratani. Na katika maabara hiyo, mwaka 1967, vinyama viwili kutoka Kenya vilikataa kufa. Habari zao, pamoja na za koo nyingine mpya za seli, zilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Cancer. Kimoja kilizaa ukoo wa seli unaoitwa Daudi, kutoka kwa mvulana wa miaka 16. Cha pili, kilichotoka kwa mtoto wa kike, kilizaa ukoo unaoitwa Namalwa.

Msomaji wa Bungoma au Kitale hahitaji kuelezwa jina hilo ni la nani. Wabukusu humpa mtoto jina kwa majira aliyozaliwa: Wafula na Nafula wakati wa mvua, Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Wamalwa na Namalwa ni watoto waliozaliwa pombe ikipikwa, yaani wakati nyumba ina wageni na wazee wamekaa kuzunguka chungu. Ni jina la furaha. Michael Kijana Wamalwa, mbunge wa Saboti na Makamu wa Rais aliyefariki mwaka 2003, alilibeba kwa upande wa wanaume, na ukifungua daftari la shule yoyote kati ya Kimilili na Kiminini utawakuta akina Namalwa.

Desturi ya maabara za wakati ule ilikuwa kuuita ukoo wa seli kwa jina la mgonjwa, au kwa kipande cha jina. Kwa hiyo kutoka kwa mtoto yule kilichobaki hadharani ni jina moja la Kibukusu, na seli. Orodha za benki za seli zinamtaja kwa jinsia, kwa ugonjwa, kwa rangi. Hazitaji kijiji, wala mlima uliokuwa ukionekana kutoka kwao, wala kama alirudi nyumbani. Jina lake wamelihifadhi kwa zaidi ya nusu karne, na bado halikuwaongoza kuutafuta mlango wa kwao.

Na seli zile zilifanya kazi. Mwaka 1975 Hans Strander wa Stockholm, pamoja na Kari Cantell na Knud Erik Mogensen wa Helsinki, walikuwa wakitafuta seli inayoweza kutoa interferoni kwa wingi. Interferoni ni protini ambayo mwili huitoa unaposhambuliwa na virusi, na wakati huo dunia iliitamani kama dawa ya saratani, lakini ilipatikana kwa tabu kutoka damu ya watu waliojitolea. Walijaribu koo nyingi za seli. Uliozishinda nyingine ni Namalwa. Ukizichokoza seli hizo kwa virusi vya Sendai, vinavyojulikana kwa kuwasumbua panya, hutoa interferoni kwa kiasi ambacho kiwanda kinaweza kutegemea.

Kampuni ya Uingereza ya Wellcome ilichukua ukoo huo hadi Beckenham, nje kidogo ya London, na chini ya Norman Finter ikazikuza seli za Namalwa katika matangi ya chuma ya maelfu ya lita. Fikiri: seli zilizotoka kwenye uvimbe wa mtoto mmoja, sasa zinajaza tangi refu kuliko nyumba. Wakaguzi wa dawa walihangaika sana, kwani lilikuwa jambo geni kumtibu mtu kwa kitu kilichotengenezwa na seli ya saratani, tena yenye virusi vya Epstein-Barr ndani yake. Walidai usafishaji mkali, wakaridhika, na dawa ya Wellferon ikapata kibali Uingereza mwaka 1986 kwa ajili ya aina moja nadra ya saratani ya damu. Ilikuwa kati ya dawa za kwanza duniani za namna hiyo, na ilifungua mlango ambao dawa nyingi za kisasa zinazotengenezwa kwa seli zilipitia baadaye. Japani, kampuni ya Sumitomo ilitumia ukoo huohuo kutengeneza Sumiferon, iliyotumika kutibu homa ya ini.

Wakenya wengi walilisikia neno interferoni kwa mara ya kwanza mwaka 1990, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, KEMRI, chini ya Davy Koech ilipoileta dawa ya Kemron na Rais Moi akaitangaza kuwa tumaini la wagonjwa wa UKIMWI. Watu walipanga foleni. Tumaini hilo halikuthibitishwa na majaribio yaliyofuata. Interferoni ya Kemron iliagizwa kutoka ng'ambo, na katika kelele zote za miezi ile sikumbuki mtu aliyesimama kusema kwamba moja ya chemchemi kubwa za interferoni duniani ilikuwa ina jina la binti wa Kibukusu.

Daudi naye alipata kazi yake. Seli zake zinakosa protini ndogo iitwayo beta-2 mikroglobulini, na kwa hiyo haziwezi kuweka juu ya ngozi yake alama ambazo seli nyingine hutumia kujitambulisha kwa kinga ya mwili. Kwa sababu hiyo zimewafundisha wanasayansi mengi kuhusu jinsi kinga inavyomtambua adui. Zaidi ya hapo, seli za Daudi ni nyepesi mno kuzuiwa na interferoni, hivi kwamba zimekuwa kipimo cha kawaida cha kujua nguvu ya interferoni. Namalwa alitengeneza dawa, Daudi akaipima. Watoto wawili wa Kenya ambao pengine hawakuwahi kukutana wamefanya kazi pamoja katika maabara za dunia kwa miongo kadhaa.

Leo chupa ndogo ya seli za Namalwa, iliyogandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, inauzwa na benki za seli za Marekani na Ulaya kwa mamia ya dola. Wenye benki watakwambia kwamba unalipia utunzaji, upimaji na usafirishaji, na ni kweli kazi hiyo ina gharama. Lakini mnunuzi hutia sahihi mkataba unaomkataza kuzigawa seli hizo kwa wengine bila idhini. Yaani udhibiti upo. Kuna anayejua chupa iko wapi, kuna anayesema ndiyo au hapana. Kila mtu katika mnyororo huo ana haki zake zilizoandikwa, isipokuwa kiungo cha kwanza.

Husemwa kwamba miaka ya 1960 mambo ya ridhaa hayakujulikana. Si kweli. Kanuni za Nuremberg, zilizotokana na hukumu ya madaktari wa Hitler mwaka 1947, zilianza na ridhaa ya hiari. Juni 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki, ambalo lilisema wazi kwamba kwa mtu asiye na uwezo kisheria, kwa mfano mtoto, ridhaa itolewe na mlezi wake. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya ukoo wa Namalwa kuanzishwa. Kilichokosekana ni mazoea. Katika makala za kisayansi za miaka ile haikuwa desturi kueleza mzazi aliambiwa nini, kwa lugha gani, akajibu nini. Na sheria ya Kenya yenyewe ilikuwa inaangalia upande mwingine: Sheria ya Tishu za Binadamu, Sura ya 252, ilihusu viungo vya marehemu, nani aruhusu vitumike kwa tiba, mafunzo na utafiti. Maiti ilikuwa na sheria yake. Mtoto aliye hai, ambaye kipande chake kimetolewa ili apimwe na kisha kipande hicho kikaendelea na safari, hakuwa nayo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mzazi anayempeleka mtoto hospitali anakubali mambo zaidi ya moja kwa wakati mmoja bila kuambiwa kwamba ni zaidi ya moja. Anakubali mtoto akatwe ili ugonjwa ujulikane. Hilo analielewa na analitaka. Jambo la pili ni kwamba kilichokatwa kichunguzwe kwa faida ya elimu. La tatu ni kwamba kitunzwe, kikuzwe, kigawiwe, kiuzwe, na kiendelee kuishi baada ya mtoto, baada ya mzazi, baada ya daktari. Haya matatu hayalingani uzito. Kuyafunga katika alama moja ya kidole gumba ni kumwomba mama asaini mkataba wa shamba huku akidhani anasaini stakabadhi ya magunia mawili ya mahindi.

Watu wa kawaida walilihisi pengo hilo kabla ya wanasheria. Kote Afrika Mashariki, kuanzia zama za ukoloni, zilienea hadithi za mumiani, watu, wazima moto wakiwemo, wanaotumwa kunyonya damu ya Waafrika ili itengenezwe dawa ya wazungu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya katika kitabu chake cha mwaka 2000. Hakuna aliyetundikwa akakamuliwa damu kwenye shimo la wazima moto Nairobi, na hadithi hizo ziliwaumiza watu wasio na hatia. Lakini ukiiondoa hofu, kinachobaki ni swali halali: wanachukua nini kwetu, kinakwenda wapi, na kinageuka kuwa nini? Katika miaka ileile ambayo mkulima wa Sirisia angeitwa mjinga kwa kusema kwamba mwili wa mtoto wake unapelekwa ng'ambo kutengenezwa dawa, matangi ya Beckenham yalikuwa yakizunguka.

Marekani walikuwa na Namalwa wao kabla yetu. Henrietta Lacks, mama mweusi wa watoto watano, alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi Baltimore tarehe 4 Oktoba 1951, na seli zake, HeLa, zilienea duniani bila yeye wala familia yake kuulizwa. Jina lake kamili lilifichwa kwa miaka mingi. Familia iligundua katika miaka ya 1970, ikapigania heshima yake, na baada ya kitabu cha Rebecca Skloot cha mwaka 2010 dunia ikasikiliza. Mwaka 2013, jenomu ya HeLa ilipochapishwa bila ruhusa, taasisi za afya za serikali ya Marekani zilikaa na familia hiyo zikakubaliana: wanaotaka data hiyo wapitie kamati, na watu wa familia ya Lacks wakae ndani yake. Agosti 2023 familia ilifikia mapatano na kampuni ya Thermo Fisher iliyokuwa ikiuza bidhaa za HeLa. Ilichukua miaka 72, lakini walipatikana watu wa kuketi nao mezani.

Kwetu mapambano ya kwanza makubwa ya aina hii yalitokea Nairobi. Tangu miaka ya 1980 wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, walitoa damu yao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Kanada na Uingereza. Baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI licha ya kukutana navyo miaka nenda miaka rudi. Kutokana na elimu hiyo kulitengenezwa chanjo ya majaribio, na mwaka 2000 ikajulikana kwamba hataza ya chanjo iliandikishwa Uingereza bila Chuo Kikuu cha Nairobi kutajwa. Wanasayansi wa Kenya walikasirika hadharani, magazeti yakawaka, na makubaliano yakarekebishwa ili Nairobi itambuliwe. Ilikuwa haki. Lakini mzozo huo ulihusu wanasayansi wa Kenya na wanasayansi wa Oxford. Wanawake wa Majengo, ambao bila damu yao kusingekuwa na hataza ya kugombaniwa, hawakuwa upande wowote wa mkataba.

Turudi magharibi. Tangu mwaka 2001 mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana, umewatibu watu wenye virusi vya UKIMWI katika kaunti za magharibi, Bungoma na Trans Nzoia zikiwemo, na pamoja na tiba umefanya utafiti mwingi. Burkitt yenyewe haikusahauliwa: kati ya 2010 na 2016 utafiti wa EMBLEM, ukiongozwa na Sam Mbulaiteye, Mganda anayefanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ulikusanya damu ya watoto wagonjwa na wazima kaskazini mwa Uganda, kaskazini magharibi mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya. Kisha ukaja NeuroGAP, utafiti wa jeni za magonjwa ya akili uliofanyika Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, Eldoret ikiwa mojawapo ya vituo. Mate ya maelfu ya watu yakatolewa DNA iliyokwenda kusomwa katika Taasisi ya Broad, Massachusetts.

Tofauti na 1967 ni kubwa, na ingekuwa dhuluma kuificha. Katika NeuroGAP mshiriki alisomewa maelezo kwa lugha yake kisha akaulizwa maswali ili ijulikane kama ameelewa, na kama hakuelewa, alielezwa upya. Watafiti wa Moi, akiwemo Eunice Kamaara pamoja na Rachel Vreeman wa Indiana, waliitisha mabaraza ya wananchi, wakachapisha mwaka 2012 yale ambayo watu wenyewe wanaona kuhusu ridhaa na utafiti. Baraza ni chombo chetu. Kule watu huzoea kuuliza na kubishana. Kamati za maadili hukaa. NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hutoa kibali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, faida na hatari, kwa lugha anayoielewa, na haki yake ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitambua data ya jeni na ya afya kuwa nyeti. Desemba 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilisimamisha kwa muda kipengele cha kupeleka data za afya za Wakenya nje, katika mkataba wa afya ambao serikali ilikuwa imetia sahihi na Marekani siku chache tu kabla. Mwaka 1967 mahakama isingejua hata kesi hiyo inahusu nini.

Lakini tazama ridhaa inaombwa wapi: mlangoni tu, mara moja, siku ya kutoa. Fomu nyingi za leo huomba ridhaa pana, kwamba sampuli itunzwe na itumike katika tafiti za baadaye ambazo bado hazijafikiriwa. Watafiti wana sababu. Hakuna awezaye kumtafuta kila mshiriki kila swali jipya linapozuka. Fomu huongeza kwamba unaweza kujitoa wakati wowote. Ni kweli kuhusu chupa iliyobaki kwenye friza ya Eldoret. Kuhusu data iliyokwisha kupelekwa, kunakiliwa na kuchanganywa na za maelfu ya wengine, kujitoa ni maneno. Mkataba wa kuhamisha sampuli hutiwa sahihi na taasisi na taasisi. Mtu wa Kamukuywa aliyetema mate hayumo. Na siku matokeo yakipatikana, njia ya kurudi kwake haikuwekewa fungu katika bajeti.

Njia hiyo inawezekana. Baraza lililokaa kabla ya utafiti linaweza kukaa tena baada yake, chifu yuleyule na uwanja uleule, watafiti waje waseme: tulichukua hiki, kiko mahali fulani, kimetuonyesha hili, na kampuni fulani imeomba kukitumia; mnasemaje? Kamati inayoamua nani apewe sampuli inaweza kuwa na viti vya watu wa Bungoma na Trans Nzoia, si wataalamu pekee, kama ile ya HeLa ilivyo na akina Lacks.

Kwa koo za zamani pia hatujachelewa. Jenomu za seli za Namalwa na Daudi zimesomwa na zimo katika hifadhi za kimataifa za data za saratani, ambamo mtafiti yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua bila kupita kwenye kamati yoyote. Jenomu ya mtu ni ya ndugu zake pia. Waliozaliwa na dada za mtoto yule, popote walipo, wamesomwa kwa sehemu bila kujua. KEMRI na Wizara ya Afya zina sauti ya kutosha kuziandikia benki za seli, kudai kwamba data za koo hizi zilindwe kama za HeLa, na kwamba sehemu ya bei ya kila chupa iende kwenye tiba ya ugonjwa uleule.

Maana ugonjwa upo bado. Mtoto wa nyanda za chini za Bungoma anayevimba taya leo hupelekwa Eldoret, kwenye hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 2015, akihitaji dawa zilezile za familia ya Endoxan alizotumia Clifford. Nauli ya kupanda huko wiki baada ya wiki, mizunguko ya dawa, kitanda, na shamba ambalo mama ameliacha bila kupalilia, huyabeba mzazi, na bima inapofika, na mfadhili akipatikana.